Mluzi wa Tiva

Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi jua likawaka kama la kiangazi, kana kwamba halikuhusika. Mshonaji akafunika cherehani, akatwaa kikapu, akamwita wifi yake. Mama yake Mshonaji, ambaye magoti yalishamgomea, alikuwa ametoa amri akiwa kitini: "Nataka uyoga wa msituni kabla sijasahau ladha yake. Na msiniletee wa sokoni mkadhani sitajua!"

Msitu ule ulikuwa wa kila mtu, mpaka kampuni ya mbao ilipouzungushia waya na kuweka walinzi. Kuchuma uyoga kukawa wizi. Uyoga! Kitu ambacho hakuna mkurugenzi aliyewahi kukipanda. Wanawake wakapenya chini ya waya, mama akikaa doria. Enzi hizo mlinzi akitokea, mama hupiga mluzi wa ndege tiva, wote hulala kifudifudi. Waya haukuondolewa na huruma ya mtu. Uling'olewa na makelele ya wanakijiji wasionyamaza.

Wifi aliolewa na kaka yake Mshonaji baada ya hapo, mluzi ule akausikia kwenye hadithi tu. Basi leo waliingia kwa njia kuu, vichwa juu kama maharusi. Kigogota aligonga shina kama fundi aliyeahidi kumaliza jana. Njiwa waliitikiana. Lakini uyoga, patupu. Jua likafika utosini.

"Wifi, turudi. Waya umeondoka na uyoga wake."

"Nirudi na kikapu cha hewa? Mdomo wa mama unaujua?" Mshonaji aling'aka.

Mara mluzi ukalia. Mshonaji hakuwaza, alijibwaga chini puu, akamvuta wifi sketi, naye chini.

"Una wazimu? Nani anakuja?"

Tawini juu yao tiva, mgongo mweusi, kifua cheupe, akapiga tena mluzi bila haya.

"Ndege," Mshonaji alinong'ona. "Safari hii ni ndege kweli!"

Wifi alicheka mpaka kilemba kikamvuka. Mshonaji hakucheka: mbele ya pua yake, chini ya majani makavu, vichwa vyeupe vilibanana kama watoto ndani ya shuka moja. Akachuma mmoja, akaugeuza, akaunusa. Ndio wenyewe.

"Usiinuke! Zamani tuliutafuta kwa kutambaa. Leo tumekuja na shingo ndefu, tungeuona wapi? Tambaa, wifi!"

Walirudi matope mpaka kidevuni, kikapu kimefurika. Walipokaribia nyumbani, mluzi wa tiva ukatoka dirishani kwa mama. Wifi akaanza kuchuchumaa.

Mshonaji akamshika mkono, akainua kikapu juu ya kichwa.

"Simama, wifi. Leo tunapita."