Sufuria ya Biba

Babu Zvane alimnunua mbwa wetu Biba kiangazi, mbavu nje, ili amsaidie kunusa uyoga unaoota chini ya ardhi kwenye msitu wa mialoni hapa kwetu Motovun. Daktari wa wanyama alimpapasa mgongo, akatikisa kichwa.

"Hana minyoo, hana ugonjwa. Hapati chakula cha kutosha, basi. Asiponenepa kabla ya baridi, hatoboi."

Babu akaitikia kwa adabu, akanigeukia. "Umesikia, Nevija? Wewe ndiye mpishi wake."

Mimi siongei sana, ila kupika naweza. Kila jioni nilichemsha wali mpaka ukawa laini kabisa, na shingo za kuku, nikachambua mifupa yote, nikatia yai na mafuta ya samaki wa kopo. Babu alisema tumbo lililozoea njaa halijazwi kwa mkupuo, kwa hiyo yeye atamgawia kidogo kidogo mchana nikiwa shule. Jumamosi nilikuwa nambeba Biba napanda naye mizani ya bafuni, halafu natoa uzito wangu. Hakuongezeka hata kidogo.

"Labda mafuta hayatoshi," Babu akasema, akachovya kidole akaonja. "Ongeza, mwanangu."

Nikaongeza. Nikamwekea na nyama ya sahani yangu. Nikawa najiuliza nakosea wapi.

Jana mitambo ya kupasha joto madarasa shuleni iliharibika, wakaturudisha mapema. Nikamkuta Babu uani na rafiki yake Pjero, wote na mabuti ya msituni. Babu ameshika sufuria yangu, anawamwagia kuku. Biba amefungwa, anatazama, udenda unamtoka.

Pjero akacheka. "Zvane, umekamatwa na mwenye sufuria!"

"Nyamaza, mjinga wewe." Kisha kwangu, taratibu: "Mjukuu wangu, huu ndio msimu wa uyoga. Mbwa akishiba hatafuti kitu, analala chini ya mti kama bwana harusi. Msimu ukiisha atakula."

"Ulisema niongeze mafuta."

"Sasa ningekwambiaje? Ungelia."

Mama alikuwa dirishani. Nilipomtazama akavuta pazia. Kumbe naye alijua.

Nikamnyang'anya Babu sufuria, nikamfungua Biba, nikapanda naye chumbani, nikafunga mlango kwa ufunguo. Nikampa kilichobaki kwenye sufuria, nikakaa naye hapo hapo mpaka akairamba yote.

Leo asubuhi Babu akagonga. "Mlete, tunachelewa."

"Nenda na kuku. Si ndio uliowalisha?"

Sijawahi kumjibu Babu hivyo. Hakunigombeza. Alitikisa tu mnyororo wa kumpelekea Biba msituni, mara moja.

Biba akaruka kutoka kitandani kwangu, akaanza kukwaruza mlango, analia kwa furaha, mkia unapiga kabati. Nikamkumbatia kwa nguvu, mbavu zake zote mikononi mwangu, nikamwambia usiende, tafadhali, huko hawakupi kitu.

Akaningurumia. Mimi.

Nikazungusha ufunguo, nikamfungulia mlango.