Moyo wa Shangazi Hauna Siri

Shangazi yangu, fundi cherehani wa miaka sitini na minane, alizimia juu ya suruali ya mteja. Daktari akampachika kifaa kidogo kama punje ya mchele chini ya ngozi ya kifua. Kinakula umeme kidogo mno, alisema, betri itadumu miaka mitatu. Mapigo ya moyo yakienda ovyo, simu yangu inalia.

"Yaani nimewekewa mbea kifuani," shangazi akasema.

Wiki ya kwanza simu ililia kila alasiri. Nikimpigia, eti amepanda ngazi. Nyumba yake haina ngazi hata moja. Siku ya nne nikaomba ruhusa kazini, nikamfuma barazani akicheza karata na jirani yake, muuza nyama tunayemwita Kisu. Nikakaa. Kila simu ilipolia, mkono wa shangazi ulikuwa unatoka ndani ya sidiria.

Kisu si mjinga. "Kumbe! Miaka kumi na mmoja mama huyu ananifunga kwa wizi!" Tangu hapo akataka simu yangu ikae mezani kila nikiwapo. Shangazi akaniita msaliti, lakini hakuacha. Aliiba huku akivuta pumzi polepole, eti auzoeze moyo adabu.

Jumamosi moja simu ikalia. Kisu akaruka. "Toa hiyo karata!"

"Leo sijaiba!"

"Moyo wako unasema umeiba!"

"Basi moyo ni mwongo!"

Nikatazama simu. Siku za wizi mapigo hufika mia na thelathini. Sasa yalikuwa thelathini na manne, na yanashuka. Midomo ya shangazi ilishakuwa ya kijivu. Kisu akamnyanyua kama paja la ng'ombe, akamlaza kwenye gari lake la nyama. Nilikaa nyuma katikati ya mbuzi wawili waliochunwa, nimemshika mkono, namwomba Mungu. Yeye ananong'ona, "Mwambie nilikuwa na turufu ya halali."

Hospitalini walimwekea kifaa cha pili, cha kuusukuma moyo unapozembea. Kesho yake Kisu alikuja, akasimama kando ya kitanda akipindapinda kofia.

"Dada, nikuambie kweli. Hata mimi nakuibia. Tangu mwaka wa kwanza. Ila mimi hawajanipachika kitu."

Shangazi alimkazia macho, akamrushia kikombe cha plastiki. Kilimpata sikioni.

Nikajua amepona.