Petali ya Mwisho ya Kitambaa cha Iriza

Jamani, msiicheke mashine yangu ya kuchora. Mota zake nilizitoa kwenye printa mbovu nilizovusha kutoka Bukavu, reli ni fimbo za pazia, na penseli imeshikwa na kibanio cha nguo. Ramani yake imetolewa bure mtandaoni na watu nisiowajua, Mungu awabariki. Gharama yote haikufikia bei ya mbuzi.

Niliiunda kwa ajili ya Papa, baba yangu. Hapa Kamembe, mabibi harusi hudarizi kitambaa cha meza, na maua yake huchorwa na yeye, Papa Mbarushimana. Tangu apate kiharusi, mkono unatetemeka. Dada yangu Iriza anakaribia kuolewa, na Papa alikataa hata kugusa penseli. Iliniuma sana.

Nikapiga picha mchoro wake wa zamani, nikauingiza kwenye kompyuta. Ua la katikati lilikosa petali moja. Mimi na kiherehere changu nikaijaza. Mashine ikaguna asubuhi nzima, ikachora safi ajabu kwenye kitambaa cha Iriza. Nikamwita Papa, kifua mbele.

Akapitisha kidole juu ya mistari akitabasamu. Alipofika katikati, kidole kikasimama.

"Tuyishime, ile petali nani alikuambia uweke?"

"Papa, si ilikuwa imesahaulika?"

"Hapana. Hiyo inachorwaka na mama ya bibi harusi, bakiwa bawili tu na mtoto yake. Mimi naachaka nafasi."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama tulimzika miaka mitatu iliyopita, na mimi sijaolewa, nani angeniambia?

Nikafua kitambaa, nikakianika, nikaifuta petali kwenye kompyuta. Mashine ikachora upya na kuacha nafasi. Nikamwita Iriza, nikaitoa penseli kwenye kibanio, nikamkabidhi Papa.

"Mkono itatetemeka," akasema.

"Acha itetemeke, Papa," Iriza akajibu, akajisogeza karibu naye.

Nikageuka nitoke, maana ni mambo ya watu wawili.

"We, unaenda wapi? Kaa hapa. Leo tuko batatu," Papa akasema.

Akachora taratibu, ulimi nje. Petali ikatoka imepinda kama ndizi. Papa akaitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama yenu angechora mubaya kuliko hii!"

Tukacheka wote, tukalia wote. Iriza ameshaidarizi kwa uzi mwekundu, akifuata kila mtetemeko. Hakunyoosha hata mshono mmoja.