Mshale Uliotulia Mno

Alhamisi, nikiwa napepeta mchele, Mzee Makame aliniambia kwamba fundi Lugano atakuja Jumamosi kutoka Mbeya kuichukua redio.

"Ataifungua atoe vipuri," alisema. "Imechoka kama mimi."

Mzee alikuwa fundi mitambo ya simu kabla ya kustaafu. Leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kusikiliza na kujibu, anayo tangu mimi sijazaliwa, na kila asubuhi saa tatu huongea na rafiki yake Vitus, aliyeko Iringa. Mimi nilikuja hapa Rujewa kumpikia. Macho yake yalipofifia, nikawa pia namsomea mshale na kuandika daftari.

Mshale uko kwenye kisanduku anachokiita tyuna. Unaonyesha nguvu inayotoka redioni inarudi kiasi gani badala ya kwenda hewani. Unazungusha vifundo viwili polepole mpaka mshale ushuke. Antena yetu ilikuwa mkaidi, kila siku nahangaika nayo, na mzee pembeni ananiambia, "Taratibu, kama unakamua ng'ombe mgeni."

Mvua zilipoanza, kazi ikawa nyepesi. Mshale ulikaa chini wenyewe. Mzee alifurahi. Ila tangu hapo Vitus hakujibu. Kwenye simu alisema hasikii hata mkwaruzo.

"Si muongee tu kwa simu?" nilimwuliza mzee.

"Kwa simu tunaulizana afya, tunakata. Kwenye redio tunakaa."

Tulibadilisha betri, tukabadilisha maikrofoni. Antena hatukuigusa, maana mshale ulisema ni nzima. Ndipo akampigia Lugano.

Ijumaa asubuhi nilirudi nyuma kwenye daftari. Mwezi wa kumi wote nimeandika, vifundo vinasumbua. Baada ya mvua ya kwanza nimeandika, mshale chini, sikugusa kitu.

"Mzee, antena aliitengeneza nani?"

"Hakuna aliyeitengeneza."

"Sasa imeponaje?"

Aliweka kikombe cha chai chini.

"Panda mlingotini," alisema. "Ichomoe kebo pale inaposhikana na antena, iache ining'inie. Kebo isiyoshika kitu inarudisha nguvu yote. Mshale unatakiwa upande mpaka mwisho."

Niliegesha ngazi, nikapanda. Pale kwenye kiungo nilikuta kazi ya mikono yangu. Kiungo kililegea kabla ya mvua, nami nikakizungushia mpira wa tyubu, kama tunavyofunga kila kitu huku. Nilipoufungua, maji yalinitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa nimeanza kuzungusha kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kila mkunjo ulikuwa umefungua mdomo kuelekea mbinguni. Na baba yangu kule Madibira anaezeka nyasi. Najua kabisa kwamba kuezeka kunaanzia chini.

Nilichomoa kebo, nikaiacha ining'inie, nikashuka. Mzee akapunguza nguvu ya redio, akabonyeza kitufe cha kuongelea.

"Mshale uko wapi?"

"Chini. Haujasogea."

Alicheka kidogo. "Basi kebo imekunywa maji. Nguvu inaishia humo humo, haifiki juu wala hairudi. Sisi tunasifu."

"Ni mimi, mzee. Nilifunga kuanzia juu."

"Mtoto wa mwezekaji?"

"Ndiyo."

"Nitamwambia baba yako." Kisha akaniagiza kebo ya akiba iliyokuwa nyuma ya magunia ya mpunga. Alichomea viungo kwa kupapasa, mimi nikimwelekeza ncha ya waya wa risasi ya kulehemu. Nilipanda tena, nikafunga plastiki, juu yake tyubu, kuanzia chini.

Jumamosi saa tatu mshale ulipaa.

"Umeharibika, mzee. Uko juu sana."

"Afadhali. Kamua."

Nikazungusha kifundo cha kwanza, nikarudi nusu, nikagusa cha pili. Mshale ukashuka kwa shida, kama zamani. Mzee akataja namba zake za leseni, akaachia kitufe.

"Makame," redio ilisema, "nilishatoa koti la mazishi sandukuni."

"Lirudishe. Koti la Iringa ukivaa Rujewa utaiva."

Lugano alitukuta hivyo, mfuko wa bisibisi begani. Mzee hakugeuka, alimwonyesha kiti kwa kidole na kuendelea kumsikiliza Vitus akisimulia mahindi yake. Nilimletea Lugano chai. Aliinywa taratibu, akauliza wataongea mpaka saa ngapi.

"Wana wiki tano za kusimuliana," nilimwambia, nikafungua daftari na kuandika: vifundo vinasumbua.