Aliyeimba Platform Two

Uongo wenyewe ulichukua sekunde nne, na Haidari aliusema huku akicheka. Mtangazaji wa redio alimuuliza yule mwanamke anayeimba sauti ya juu kwenye wimbo wao ni nani, naye, akiwa na kikombe cha kahawa ya bure mkononi, akajibu: ni mimi mwenyewe, nilipandisha sauti yangu kwa kompyuta. Mtangazaji akashangaa, akamsifu, wakahamia mambo mengine. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu siku hiyo, na sasa, Jumanne mchana, kwenye chumba cha mazoezi nyuma ya gereji moja huko Aston, Birmingham, zile sekunde nne zilikuwa zimemrudia.

Bendi yao iliitwa Slow Stoppers, jina walilolitoa kwenye treni zinazosimama kila kituo. Walianza miaka kumi nyuma kwa gita, besi kubwa la mbao na nyimbo za Kimarekani za mtindo wa mashambani, zile za reli, barua na watu wanaoondoka, ila wao waliziandika zizungumzie Birmingham. Kisha wakalewa sifa. Wakanunua mashine za midundo, magita wakayasukumia uvunguni, wakatoa albamu mbili ambazo hata mama zao hawakuzisikiliza mpaka mwisho. Mwaka huu wakakubali yaishe. Wangerudi kwenye mbao na nyuzi, nyimbo saba tu, wote wakisimama mbele ya maikrofoni moja kama zamani, na Jumamosi wangezipiga mbele ya watu kwenye ukumbi mmoja mtaa wa Selly Oak. Tiketi zilikuwa zimekwisha. Watu walikuwa wanaufuata wimbo mmoja, "Platform Two".

"Haya, ile sehemu ya juu," alisema Rajvinder, mpiga fidla, akiwa ameshikilia upinde wake hewani. Alijiunga nao miaka mitatu iliyopita, na ndiye aliyewashinikiza warudi kwenye muziki wa kupigwa kwa mkono. "Kompyuta tumeshaitupa. Iimbe tu."

Haidari akasogea kwenye maikrofoni, akavuta pumzi, akaimba. Sauti ilipanda kidogo, ikateleza, ikatoka kama ya mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Akasingizia mafua. Akajaribu tena, ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

Rajvinder alicheka, na hakukuwa na ubaya wowote katika kicheko chake, jambo lililomuumiza Haidari zaidi. "Basi iimbe kwa chini, vile ulivyofanya siku mliyorekodi. Ulitumia ufunguo gani wa muziki?"

Haidari aliangalia pembeni, kwa Norbert, mpiga besi, ambaye alikuwa anazitazama nyuzi za besi lake kama anayezihesabu, na nyuzi zenyewe ni nne. Norbert alijua. Kila Jumapili alikuwa anasali kanisa moja na mwenye sauti ile. Rajvinder alipotoka nje kuzungumza na simu, Norbert alisema bila kuinua kichwa, "Wende Stechford, nyumbani kwake."

"Atanifukuza."

"Orpha? Hawezi kukufukuza," alisema Norbert. "Na hiyo ndiyo itakuwa mubaya zaidi."

Orpha ndiye aliyekuwa mtu wa tatu wa bendi. Alizaliwa Uvira, Kongo, akaingia Birmingham na wazazi wake akiwa msichana, akalelewa katika kwaya. Siku waliyorekodi "Platform Two", wimbo wa mama anayesubiri kituoni na sanduku lake, maneno yalikuwa yamewaishia baada ya ubeti wa pili. Orpha akafumba macho akaimba bila maneno, mara moja tu, wala hawakurudia. Kipande kile ndicho kilichoufanya wimbo uwe wimbo. Mengine yote yalikuwa gita la Haidari, na magita kama lile yamejaa Birmingham nzima.

Jina lake halikuandikwa kwenye rekodi, na hilo, mwanzoni, halikuwa kosa la mtu. Aliomba mwenyewe. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, na Orpha hakutaka mzee asikie kwamba binti yake anaimbia watu wanaokunywa bia. "Baba akiwa hai, muniache bila jina," alisema, wakakubaliana wakicheka. Baadaye zikaja mashine. Haidari akamwandikia Orpha kwamba bendi inapumzika kidogo. Haikupumzika hata wiki moja. Sauti yake ilibaki ndani ya kompyuta, wakawa wanaibonyeza kila wapandapo jukwaani, Leeds, Bristol, kila mahali, na watu wanashangilia sauti ya mtu aliyekuwa nyumbani kwake akipiga pasi.

Hata hapo Haidari angeweza kujitetea. Asichoweza kukitetea ni ule ujumbe. Orpha alimwandikia, mwaka mmoja baada ya yale mahojiano ya redio, sentensi mbili tu: "Haidari, baba amefariki. Sasa unaweza kuandika jina langu." Naye akajibu: "Poleni sana kwa msiba, Mungu awape subira." Akaishia hapo. Alijifanya ameisoma sentensi ya kwanza peke yake. Orpha hakuandika tena, na Haidari, aibu imshukie popote alipo, alishukuru.

Alishuka treni Stechford saa nane na nusu, gita mgongoni. Njiani alikuwa amepanga maneno yake vizuri: ataanza na habari za familia, kisha kumbukumbu, kisha ataomba. Jumamosi moja tu. Aimbe kipande chake, jina lake litangazwe jukwaani, yaishe kwa makofi. Alipofika mlangoni maneno yalionekana bado mazuri. Orpha alipofungua, yakapotea.

"Karibu, Haidari," alisema Orpha, kama mtu aliyeagana naye jana. "Ingia, baridi hii."

Alimkalisha mezani. Kabla hajasema lolote aliletewa ugali na samaki, na Orpha akamwambia asiwe na wasiwasi, samaki huyu hakupikwa pamoja na nyama yoyote isiyo halali, alikumbuka mambo yake. Miaka sita bila kuonana, na alikumbuka. Haidari alinawa, akamega tonge, akalirudisha sahanini.

"Dada Orpha, nimekuja kuomba radhi," alisema.

"Kula kwanza."

"Na nimekuja kuomba jambo. Jumamosi tunapiga nyimbo za zamani. Bila mashine."

"Norbert alinambia." Orpha alikaa upande wa pili wa meza, akakunja mikono. "Sasa mashine imekufa, unakuja kutafuta mwenye sauti."

Aliyasema bila ukali. Haidari angependa ukali. Mtu akikufokea unapata pa kushika, unafoka nawe kidogo, mnapatana. Orpha alikuwa anamtazama tu kwa huruma, na samaki anapoa.

"Nitatangaza jina lako," alisema Haidari. "Mbele ya watu wote. Nitasema wewe ndiye uliyeimba."

"Sikia, mi nikuambie kitu," Orpha alisema. "Dative wangu unamukumbuka? Alikuwa mutoto mudogo, analala kwenye kasha ya besi tukifanya répétition, mazoezi yetu. Sasa ana miaka kumi na ine. Mwaka jana, kwenye class ya music, mwalimu akaweka Platform Two. Anafundisha vile computer inaweza kugeuza sauti ya mwanaume. Dative akanyoosha mukono. Akasema, no, that's my mum."

Haidari aliweka mkono wake pembeni ya sahani.

"Mwalimu hakuwa mubaya. Akatafuta interview yako, akaiweka, ili mutoto asikie. Class yote wakakusikia unasema ni wewe. Wakacheka. Mpaka leo wanamuita Platform." Orpha alipangusa makombo mezani. "Akarudi hapa analia, akaniuliza, mama, ni wewe ao si wewe? Unajua mi nilijibu nini?"

"Ulimwambia kweli."

"Nilimwambia, labda ni ule uncle. Labda mi nimesahau." Sauti ya Orpha ilitikisika kwa mara ya kwanza. "Jina langu haiko mahali popote. Nilimwona ataenda kupigana na class nzima na hana kitu mukononi. Nikaona afazali anyamaze. Nikamudanganya mutoto wangu, Haidari. Juu yako."

Haidari aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili, na hakuwahi kutamani hivi kuinuka mezani kwa mtu akakimbia. Gita lilikuwa limeegemezwa ukutani nyuma yake. Alilileta akidhani wataimba kidogo, wakumbuke, walie kidogo, na sasa alijiona kama aliyekwenda msibani na ngoma.

"Jumamosi sitakuja," alisema Orpha. "Kuimba naimba kanisani, inanitosha. Lakini Dative anafika sasa hivi. Mwambie ye. Mi nitakuwa kwenye cuisine."

Akaondoa sahani, akaenda zake jikoni.

Dative aliingia na sare ya shule na begi begani, msichana mrefu mwenye paji la uso la mama yake. Alimtazama Haidari, akalitazama gita, wala hakuhitaji kutambulishwa. "You're the guy," alisema.

"Ndiyo. Mimi Haidari," alisema, na akamweleza kwa Kiswahili, maana alijua anakielewa. Kwamba sauti ile ni ya mama yake. Kwamba yeye alisema uongo redioni. Alisema polepole, macho kwenye meza.

"I know," alisema Dative. "Mum sings it when she's ironing. I've always known."

"Basi nisamehe."

Dative alivuta kiti, akaketi, akatoa simu mfukoni. Alimweleza, kwa Kiingereza na bila kupandisha sauti, kwamba yeye kuambiwa hakumsaidii chochote, kwa kuwa alishajua. Wasiojua ni wale wengine. Akamtaka aseme tena, kwa Kiingereza, yeye akimrekodi, kisha aiweke kwenye ukurasa wa bendi, pale penye wafuasi elfu kumi na moja, leo, kabla ya Jumamosi.

Haidari akafikiria Selly Oak. Akamfikiria Rajvinder, ambaye hakujua kitu na angeona video kama watu wengine. Akafikiria watu walionunua tiketi, watakavyomwona akipanda jukwaani, kama kutakuwa na jukwaa. Miaka kumi ya kazi, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza tena kupenda kupiga gita. Alitaka kusema, nipe mpaka Jumapili. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Maji ya bomba jikoni yalikuwa yamefungwa, na akajua Orpha anasikiliza.

"Sawa," alisema.

Dative akainua simu. Haidari akajikohoza, akatabasamu bila kujijua, tabasamu lake la jukwaani, akaanza: hamjambo nyote, mmekuwa mkiniuliza sana kuhusu sauti ya kwenye "Platform Two".

"Stop," alisema Dative. "You're smiling. Don't smile."

Akaanza tena. Alisema sauti si yake. Ni ya mwimbaji wa zamani wa bendi, mtu mwenye kipaji kikubwa, na kwamba kulitokea kutoelewana.

Dative alishusha simu. "She's got a name. And nobody misunderstood anything."

Haidari alikumbuka jinsi alivyowafanyia wenzake hivyo hivyo studioni, rudia, rudia tena, mara kumi mara kumi na tano, akijiona bingwa wa kazi yake. Hakuna aliyewahi kumwambia yeye arudie. Akafuta jasho, akaitazama kamera.

Mara ya tatu alisema yote. Jina la Orpha, na la baba yake Orpha, na kwa nini jina halikuandikwa mwanzoni. Ule ujumbe, neno kwa neno, na jibu alilotoa, neno kwa neno. Alisema alimwondoa kwenye bendi kwa uongo na kubaki na sauti yake. Alisema kuna msichana wa miaka kumi na nne aliyechekwa darasani kwa kusema ukweli, na aliyedanganya ni yeye, Haidari, si msichana. Alipomaliza, Orpha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Hakuna aliyemwita aingie.

Dative aliitazama video mpaka mwisho, sauti ikiwa chini. Alipomaliza hakumpa Haidari simu. Alimtazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza alionekana mtoto.

"Mum lied to me for you," alisema. "She never lies. Not even small ones. So what did you do for her? You must have done something."

Lilikuwa swali la kweli. Alikuwa amelibeba mwaka mzima, akiamini lazima lipo jambo kubwa, deni fulani la wema ambalo watu wazima hawakumwambia. Haidari alitafuta. Alipekua miaka yote kumi, safari, jukwaa, mazoezi, hata zile siku Orpha alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa pili na akampoteza, na wao walikuwa Bristol. Akamtazama Orpha mlangoni, labda yeye atakumbuka chochote. Orpha aliangalia sakafu.

"Nothing," alisema Haidari. "Sikumfanyia kitu."

Dative aliinamisha kichwa taratibu, kama mtu aliyekubali jambo asilolipenda. Kisha akainua simu tena, akaielekeza usoni kwa Haidari.

"Sema hiyo pia," alisema.

Haidari akaisema.