Darasa la Kwanza la Chuo cha Uuguzi

Jumatatu saa tatu asubuhi, karani wa chuo cha uuguzi alipewa kazi ya kuandika kijitabu cha historia, kwa kuwa chuo kilikuwa kinatimiza miaka thelathini. Mkuu wa chuo, mzee mpole aliyekianzisha mwenyewe, alimwachia karatasi moja. Juu palikuwa na dhamira: Kumfikisha kila mwanafunzi aendako. Chini yake: darasa la kwanza, wanawake tisa, wote walihitimu na kupata kazi mbali.

Karani alilijua darasa hilo. Dada yake mkubwa alikuwemo. Hakuwahi kuleta hata barua, na mama yao alifariki akimtetea kwamba kazi za hospitali kubwa hazimpi mtu nafasi.

Alichukua ufunguo wa chumba namba mbili, akaenda kutafuta picha za zamani. Alipofungua mlango, wanawake tisa walikuwa wameketi humo kwenye madawati, sare zimenyooshwa pasi, kila mmoja na kalamu mkononi. Vumbi la chaki lilikuwa limetua kwenye kope zao. Dada yake alikuwa safu ya pili, bado ana miaka kumi na tisa.

"Kijiti," alimwita kwa jina la utotoni, "mbona umezeeka hivyo?"

"Ni maisha, dada."

"Umetuletea karatasi za mtihani?"

Karani akarudi ofisini kumuuliza mkuu.

"Kibali cha mtihani kilichelewa," mkuu alisema, akilegeza tai. "Niliwaambia wasubiri kidogo. Wakasubiri."

"Na nyumbani kwao?"

"Niliwaambia wamehitimu. Wazazi walifurahi mno, binti yangu. Ningeanzia wapi kuwaharibia?"

"Kibali hakikuja?"

"Kilikuja mwaka wa tatu. Kulikuwa na darasa jingine tayari. Na hawa hawali, hawagombani, hawachelewi. Sijapata tena wanafunzi kama hawa."

Karani alirudi chumba namba mbili, akamshika dada yake mkono. Ulikuwa baridi kama sakafu ya saruji.

"Twende nyumbani."

"Nikitoka, halafu karatasi zije? Miaka yangu miwili iende na maji?" Dada akauchomoa mkono wake taratibu. "Mama hajambo?"

Karani alitazama ubao uliokuwa mtupu.

"Hajambo. Anakusalimu."

Wiki ile aliandika habari zote kama zilivyokuwa. Mkuu alizisoma mpaka mwisho, akasifu mwandiko, akazikata kwa kalamu nyekundu. "Andika walihitimu," alisema. Karani alikuwa na watoto wawili na hakuwa na kazi nyingine. Aliandika walihitimu.

Siku ya sherehe, mgeni rasmi alisoma dhamira ya chuo kwa sauti, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Ukumbi uliponyamaza, makofi ya watu tisa yalisikika kutoka upande wa madarasa, yakaisha. Mgeni rasmi alisubiri, kisha akaendelea na hotuba.

Jioni karani alimpelekea dada yake nakala ya kijitabu. Dada aliusoma ukurasa wa kwanza mara mbili, akawapitishia wenzake. Walipotabasamu, chaki ilidondoka mashavuni.

"Kumbe tulifaulu!" dada alisema. "Basi mtihani wenyewe utakuwa mwepesi."

Akaketi wima, akashika kalamu, akatazama mlangoni.