Gunia la Mkiani

...na mkanda nao hauingii, au mkono ndio hautaki, nimeuvuta mara mbili na mara mbili nimeulegeza mwenyewe, na Gasper kakaa mbele kwenye kiti cha marehemu kaka yake Zebedayo anauliza, "Tayari, kaka Mshamu?" nami nasema bado, bado kidogo, kama mtu aliyezidiwa na mzigo, mzigo gani, sanduku moja la nguo na sufuria zilizofungwa kwenye kanga, ndiyo mali yote Elinipendo anayorudi nayo kwao Upareni, yule pale kwenye kivuli cha bawa na mwanawe mgongoni, mtoto aliyezaliwa siku nne kabla baba yake hajaanguka... Zebedayo angecheka, angesema funga wewe Mshamu, hapa si mtumbwini, ndilo lilikuwa neno lake kila safari, tangu alipopunguzwa kazi kwenye karakana ya ndege huko mjini akaja hapa Mbuchi na mabati yake na injini ya foksiwageni, watu wakasema miaka hii ya ruksa, kila mtu na biashara yake, imetuletea na wendawazimu, wakamcheka miaka miwili mpaka siku alipopaa juu ya mikoko akatupungia mkono, ndege ya kuunda mwenyewe, watu wawili na kilo arobaini nyuma ya kiti, hapa nilipoingiza kichwa, mzigo usukumwe mbele uguse kiti, mikanda miwili, alinifundisha akinishika mikono, alikuwa anapima kila kitu, hata viatu vyake, na nilifunga, wallahi nilifunga siku zote ila ile moja. "Injini hii nimeifungua mara tatu," Gasper aliyeiunda upya ndege hii baada ya kuanguka anasema, haniambii mimi, anajiambia mwenyewe, "sioni ilipokosea." Haijakosea, mdogo wangu. Siku ile wingu lilikuwa limetanda upande wa Chumbi, Zebedayo ana haraka, kambamiti wake kwenye barafu nimeshawafunga vizuri, anakwenda Kibiti kumwona mkewe mzazi, nami nikasema moyoni shemeji yangu kajifungua, atakunywa uji wa nini, nina mchele mpya wa shamba langu mwenyewe, nikimwambia ataupima, atasema umezidi, acha nimpe bila kumwambia, nikalisukuma gunia kule nyuma kabisa mkiani asilione, na sikulifunga... sikusahau, ndilo linalonila, sikusahau hata kidogo, sisi mtumbwini kizito hukaa tezi, kule nyuma, ili omo, pua ya chombo, inyanyuke, na mzigo hatufungi, huku nilifunga kwa amri yake tu, baba yangu alizama hapo mlangoni pa mto mguu umenasa kwenye kamba ya magunia ya chumvi, tangu siku hiyo kwetu kamba juu ya mzigo ni kamba ya maiti, nikaona nimemsaidia rafiki yangu, na ndege ikakimbia kwenye uwanda wa chumvi, pua ikanyanyuka, nikafurahi, mjinga mimi, nikafurahi jinsi ilivyonyanyuka, ikazidi kunyanyuka, mkia unavutwa chini na gunia, ikasimama hewani, kisha ikalala ubavu ikaingia kwenye mikoko. Nilifika wa kwanza. Mchele umetapakaa juu ya tope, mweupe, na Zebedayo kimya, nami nikafanya nini, nikaufukia kwa mguu, badala ya kumfumba macho mwenzangu nikafukia mchele, watu walipofika wakasema injini, injini ya gari itarukaje, nami nikasema injini. Miezi kumi na moja. Wakwe zake marehemu wamesema alipenda mabati kuliko mkewe, na Elinipendo mwenyewe juzi alipokuwa anakunja nguo akaniambia, "Shemeji, aliniapia injini ni nzima, kumbe alikuwa ananidanganya," nami nikamshikia kamba ya sanduku mpaka akamaliza kufunga, na leo anaondoka na uongo huo, mtoto atakua nao, ataambiwa baba yako alikuwa mwongo... kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, nimelikimbia jambo hili mpaka msikitini na kila likinirudisha linanirudisha hapa hapa, nyuma ya kiti. "Shemeji," ni yeye, amesogea, ananipa kikapu, "jirani zangu akina Mwanajuma wamenipa mchele wa njiani, uweke popote tu hapo nyuma." Popote. Kikapu si kizito, kilo tatu, nne, nami nakipokea upande upande, punje zinadondoka kwenye bati, ananitazama, kwa mara ya kwanza leo ananitazama, anasema, "Una nini, shemeji?" nina nini mimi, nina rafiki niliyemuua kwa zawadi, nikisema sasa atanichukia na ana haki, Gasper huenda akanipiga, nipigwe, ila marehemu hana mdomo mwingine wa kumtetea isipokuwa huu wangu, niliufunga huu badala ya gunia... nakisukuma kikapu mbele, kinagusa kiti, napitisha mkanda juu yake. "Tayari, kaka Mshamu?" Bado, Gasper, nasema kwa sauti, shuka kwanza, nawe shemeji usiende mbali, injini ilikuwa nzima.